Kushika Kasirani

Jumapili, tarehe kumi na tisa ya mwezi wa kumi, saa tisa za mchana, tulipoteza faili ya Deo. Deo mwenyewe tulikuwa tumemzika mwezi wa saba. Ndani ya faili mlikuwa na mtu wake wa mchezo, mpiganaji wa mbele wa ngazi ya sitini na moja, na Jumapili za miaka saba. Ilipotea kwa neno moja lililosemwa na watu wengi kwa pamoja. Mwezi uliofuata nilifunga sale yangu, chumba cha michezo ya televisheni, hapa Kalundu, nikawa mstaafu, kama mtu anaweza kustaafu kazi ambayo hakuna ofisi inayoijua.

Nawaandikia ninyi mnaofungua sale mpya, huku Kalundu na kule Kavimvira. Habari za bei na kodi sitaandika, mtazijua bila mimi. Nitaandika kazi. Na nitaandika nikiwa na kasirani. Kwenye kilio cha Deo watu waliniona nimenyamaza wakadhani nimepoa. Sikupoa.

Nilianza bila kujua chochote. Kaka yangu alinunua mashine moja na televisheni mbili Bujumbura, akazivusha Kavimvira mchana kweupe. Mtu wa mpakani akamwuliza, "Iyi iko nini?"

"Iko ya kucheza, patron."

"Inacheza nini?"

"Inachezesha bantu."

Akamwacha apite, akicheka. Baada ya miezi minne kaka alihamia Baraka kwa sababu ya mwanamke, akaniachia ufunguo na neno moja: "Uangalie." Nilikuwa nauza ndagala, samaki wadogo wa ziwa. Shule niliishia darasa la sita. Siku ya kwanza nilikaa mbele ya televisheni nyeusi mpaka mteja wa kwanza akaja, na ndiye aliyeniwashia. Ndiye pia aliyeniambia kwamba kile kitu cha kushika kinaitwa maneti, na kwamba nilikuwa nimekishika kichwa chini.

Hapa kwetu tunasema sale, kama Wafaransa. Mwanaume akimwambia mke wake, "Naenda ku sale," mke anasikia anaenda kusali. Kwa njia hiyo Kalundu ilikuwa na wanaume wacha Mungu wengi kuliko mahali popote pa ziwa hili. Nilicheka miaka mingi. Kicheko hicho nacho nimekilipia.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Bisibisi ndogo ya fundi wa saa, pamba, na pombe kali ya kusafishia vidonda. Kifuniko cha fimbo ya maneti kikichakaa, msinunue kipya, kateni mpira wa ndani wa baiskeli, unashika kidole vizuri zaidi. Ziwa linaleta unyevu, kwa hiyo kadi za kumbukumbu nilizitunza ndani ya kopo la maziwa lenye mchele mkavu. Kila timu ilikuwa na kadi yake, na kila kadi jina la mmoja wao. Kadi haikai ndani ya mashine kama mimi siko ndani ya sale. Sheria hiyo niliiandika kwa chaki juu ya mlango, na hakuna aliyeivunja isipokuwa mimi.

Wengi walitaka mpira na magari. Mchezo wenyewe ninaotaka kusema habari zake ulikuja ndani ya mfuko wa diski za zamani. Jina lake lilikuwa refu, sisi tuliuita Ngome kwa sababu ya picha iliyokuwa juu ya diski. Si mchezo wa mbio. Watu wanne wanacheza upande mmoja, kila mmoja ana maneti yake na kazi yake, na hakuna anayeweza kufanya kazi ya mwenzake. Kijumba cha kuchagua kazi kilikuwa na maneno manne ya Kifaransa: guerrier, voleur, mage, soigneur. Tuliyapa majina ya kwetu. Mubebaji, Mwizi, Mulozi, Muganga.

Timu iliyokaa kwangu muda mrefu kuliko zote ilikuwa ya watu wazima. Safari ni dereva wa pikipiki, yeye alichukua Mwizi kabla hajakaa vizuri kwenye benchi. Amisi, muuza vitenge, alichukua Mulozi. Espe, mshonaji wa jirani, alichukua Muganga. Deo, mbebaji wa bandarini, mtu mwenye mabega kama mlango wa kanisa, tulimpa mbele. Alikuwa anakuja Jumapili saa nane tu. Alisema maneno machache, na mengi ya hayo machache yalikuwa "ndiyo".

Shemasi wa kanisa la karibu alisikia neno Mulozi, yaani mchawi, akaja. Alisimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Mama Neema, unafundisha bantu bulozi?"

Deo ndiye alimvuta kwa mkono, akamweka mbele ya televisheni.

"Shemasi, angalia. Anasimama pa moja. Anangoja moto ipande. Ukimugusa, inaharibika. Uyu haiko mulozi. Iko mupishi."

Shemasi akaangalia mpaka pambano likaisha. "Na anapika nini?"

"Moto."

Tangu siku ile mage akaitwa Mupishi, na sijaona maelezo bora. Mupishi anaumiza kuliko wote, lakini anahitaji muda, na hana nguo ya chuma. Adui akimgusa katikati, pishi limemwagika, na pumzi imekwenda bure. Pumzi ni ule mstari wa bluu. Mstari mwekundu ni damu. Wachezaji wapya wanaangalia damu tu. Nawaambia ninyi, wafundisheni kuangalia bluu ya Muganga, kwa sababu hiyo ikiisha damu za wote zimeshahesabiwa. Mwizi naye anapiga kwa nyuma, na pigo la nyuma linakuwa kama matatu. Akipiga kwa mbele ni kama anapangusa ukuta. Mubebaji anapiga kidogo, anatembea polepole, na chuma chake kinakula sehemu kubwa ya kila pigo. Watu walimwona hana faida. Mimi pia mwanzoni.

Kesi ngumu ya kazi yangu yote ilikuwa Jitu la Daraja. Lilituua miezi mitatu. Kila Jumapili ilikuwa hivi:

"Espe, ponyesha! Ponyesha!" Safari anapiga kelele, amesimama.

"Niponyeshe nani kwanza? Muko batatu, mikono iko mbili!"

"Weye unalala!"

"Minye nalala? Weye ndiye unakufa kila mara. Mbona Deo hakufe?"

"Mwizi gani anapita mbele ya mwenye nyumba?" Amisi anauliza, na dakika ileile Jitu linamgeukia yeye na sufuria yake.

Kila mara kosa lilikuwa la Espe. Akiponya mapema, kosa. Akichelewa, kosa. Watu wa benchi la nyuma, ambao hawakuwa wanacheza, nao walimtukana. Mimi nilimtukana. Siku moja alitoka analia, akarudi Jumapili iliyofuata kwa sababu Deo alikwenda kumwita.

Nilichoka na kelele, nikafanya kitu ambacho nawashauri wote mfanye. Nilichana kartoni ya sabuni, nikaketi nyuma yao, na kila Jitu lilipogeuka niliandika alama mbili: nani amepigwa, na nani alikuwa amefanya nini kabla. Niliandika Jumapili tatu. Halafu nilimpa Deo kartoni. Hakuwa msomaji mkubwa, lakini alama alizijua, bandarini wanahesabu mifuko hivyohivyo.

Aliiangalia muda mrefu. "Iko kapita," akasema, akimaanisha msimamizi wa wabebaji.

"Kapita wa nani?"

"Wa ku porti. Anamufokea yule anamuona kwanza. Halafu anamufokea yule anafanya mingi. Iyi Jitu iko na kasirani, Mama Neema. Na kasirani inafuata muntu."

Hapo ndipo neno lilizaliwa kwetu. Kila pigo linaongeza kasirani ya adui juu ya aliyepiga. Kuponya nako kunaongeza, na hili halikuandikwa popote: Espe akimponya mtu kwa haraka, Jitu linamchukia yeye. Adui anampiga yule mwenye kasirani nyingi juu yake, si aliye karibu. Mubebaji ana ukelele mmoja unaovuta kasirani yote kwake, lakini ukelele huo ukishatoka unahitaji kupoa, kama mota ya boti ambayo huwezi kuivuta kamba mara mbili mfululizo. Katika kungoja huko, Mwizi akipiga sana, kasirani inahama. Kwa hiyo Jitu halikuwa linatushinda. Ni Safari alikuwa analigeuza.

Tukaweka sheria: mapigo matatu kwanza. Deo aingie peke yake, apige kelele, apigwe mara tatu. Ndipo wengine. Safari alitetemeka miguu kama mtu anayengoja choo, lakini alingoja. Jitu lilianguka Jumapili hiyo, na mstari wa bluu wa Espe ulikuwa umebaki nusu. Nusu! Miezi mitatu tulimtukana mwanamke ambaye alikuwa anafanya kazi yake na kazi ya uvumilivu ambao Safari hakuwa nao. Hakuna aliyemwomba msamaha. Walishangilia wakasahau. Ninaandika hapa kwa mkono wangu: Espe, ulikuwa na haki, na mimi nilikuwa mjinga.

Kulikuwa na kitu kimoja zaidi kuhusu Mubebaji. Kila pigo analopokea linamjazia nguvu, na nguvu ikijaa kijumba kinatokea katikati ya televisheni: Écraser ? Chini yake, Oui na Non. Maana yake, nimponde? Ukikubali, anapiga pigo moja linalomaliza pambano. Deo alikuwa mzito wa kubonyeza. Kijumba kikitokea, sale nzima ilipiga kelele, benchi la mbele na la nyuma, na watu wa dirishani: "Wiii!" Halafu Deo anabonyeza. Watoto wa mtaani walilijua neno hilo kabla ya kujua bonjour.

Miaka ikaenda. Mwaka ziwa lilipopanda, maji yaliingia mpaka chini ya mabenchi, na Deo alibeba televisheni zote mbili kichwani, moja baada ya nyingine, akazipeleka barabara ya juu. Timu nyingine zilikuja zikavunjika. Kila timu ilivunjika kwa sababu ileile: wote wanataka kupiga, hakuna anayetaka kupigwa. Hamtapata sababu nyingine, msipoteze muda kuitafuta.

Mwezi wa saba Deo alishikwa na homa. Siku ya sita akafa.

Kwenye kilio, mke wake, Mama Riziki, alikuwa anawasimulia wageni habari za marehemu. "Hakuwa munywaji. Kila Jumapili saa nane anaenda kusali." Safari alikuwa karibu, macho yamevimba, na huyu mtu kinywa chake kinakwenda mbele ya kichwa. Akasema kwa sauti, "Hapana mama, ku sale. Kwa Mama Neema."

Mama Riziki aliniangalia. Nilitamani ardhi ya Kalundu, ambayo kila mwaka inakwenda ziwani kidogokidogo, iende na mimi siku hiyo.

Miezi miwili hakunisalimia. Halafu tulikutana pale samaki wanaposhushwa, akasimama mbele yangu na beseni lake.

"Wanasema mule ndani alikuwa na muntu yake."

"Ndiyo, mama. Iko bado."

"Nataka kuiona. Nimwone alikuwa anafanya nini miaka saba."

Tukapanga Jumapili ya tarehe ishirini na sita. Nilimwapia kwamba hakuna mtu aliyeigusa, na ilikuwa kweli. Kadi ya Deo haikuwa imetoka ndani ya kopo tangu azikwe.

Jumapili ya kabla yake, tarehe kumi na tisa, niliitoa ili nione kama unyevu haujaiharibu. Ilifunguka. Mtu wake alikuwa amesimama kwenye daraja, kitambaa chekundu begani, kama Deo alivyomwacha. Nilifurahi sana. Furaha yenyewe ndiyo iliyoniharibia akili. Mwanamke wa ndagala aliniita nje, nikatoka, na kadi nikaiacha ndani ya mashine.

Safari na wenzake walikaa. Walikuwa wamepata mtu mpya wa mbele, wakaanza mchezo mpya, wakashinda pambano dogo la kwanza, wakaenda kuhifadhi. Mashine iliona kwamba mahali pale pamekaa faili nyingine. Ikauliza. Kijumba kilekile, katikati ya televisheni, na neno la kwanza lilelile: Écraser la sauvegarde ? Maneno yaliyofuata, yaani nifute faili iliyohifadhiwa, nani ayasome? Sale nzima ikapiga kelele. Nilikuwa nimefika mlangoni, nikaona kijumba, na kinywa changu kikafunguka pamoja na vinywa vyote: "Wiii!" Safari akabonyeza. Alibonyeza kabla kelele haijaisha.

Nilijua kabla yake. Niliiona kadi, na jina la Deo juu yake, kwa mwandiko wangu.

Amisi ndiye alinishika mkono. "Mama Neema, usilie. Iko jeu tu. Tutaanza tena."

"Deo ataanza tena?" nikamwuliza. Akaniacha.

Iko jeu tu. Maneno hayo, ni mchezo tu, ninayachukia. Niliyasikia kwa shemasi, kwa kaka yangu, kwa majirani, na sasa kwa mtu aliyekuwa ndani. Miaka saba mtu mmoja alisimama mbele ya Jitu ili Amisi apike moto wake kwa raha, na siku amefutwa, ilikuwa jeu tu. Mbona ilipokuwa ni kumtukana Espe haikuwa jeu tu? Mbona hamkucheka mlipokufa kwenye daraja? Ninyi wa sale mpya, mkisikia mteja anasema hivyo, mwonyesheni mlango. Na yule aliyeandika Kifaransa cha mchezo ule, simjui, lakini ningependa kumwuliza kwa nini kumponda adui na kumfuta mtu vilipewa neno moja. Kifaransa si lugha maskini. Walikuwa na maneno mengine.

Hata hivyo, mashine haikuacha kadi ndani. Nimeiacha mimi.

Tarehe ishirini na sita Mama Riziki alikuja saa nane kamili, kitenge cheusi, viatu vya kanisani. Timu yote ilikuwepo, nilikuwa nimewaita. Aliketi benchi la mbele. Televisheni sikuwa nimeiwasha.

"Mama Riziki," nikasema, "ile muntu haiko tena. Tuliifuta Jumapili iliyopita. Kadi ni minye niliacha ndani."

Safari akasimama. "Mama, minye ndiye nilibonyeza."

"Na minye nilipiga kelele abonyeze."

"Siye bote tulipiga," Espe akasema.

"Munyamaze!" Mama Riziki hakupaza sauti sana, lakini tulinyamaza. "Haiko kanisa hapa, sikukuja kusikiliza maungamo. Minye nauliza: alikuwa anafanya nini mule ndani?"

Amisi akamweleza kwa mikono. "Alikuwa anasimama mbele, mama. Jitu inamupiga yeye, ili isitupige siye."

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili."

"Halafu nyinyi?"

"Siye tunapiga kwa nyuma."

Akatuangalia mmoja baada ya mwingine. "Ku porti anabeba. Ku nyumba anabeba minye, na mama yake, na batoto sita. Saa inafika ya kucheza, na mule pia munamubebesha. Hamukukuwa na kazi ingine mule ndani?"

"Mama, alipenda," Safari akasema. "Iko kazi yake."

Hapo sikuweza kunyamaza. Huko juu nimeandika kwamba Deo tulimpa mbele. Ni kweli, lakini si yote. Siku ya kwanza, kijumba cha majina manne kilipotokea, nilimwuliza anataka nani, naye akanyoosha kidole chake kikubwa kwa Muganga. Sale ikacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilimwambia, "Na mabega haya, Papa Riziki? Weye uko mbele." Akashusha kidole. Akasema ndiyo.

Nilimwambia Mama Riziki maneno hayohayo, bila kupunguza.

Kisha akauliza, "Maneti ya muganga iko ipi?"

Espe akamwonyesha. Mama Riziki aliinama, akachomoa waya wake kwenye mashine, akauzungusha kwenye kiganja kama kamba ya mbuzi, akasimama, akatoka nayo. Hakutuaga. Safari alitaka kumfuata, lakini Espe alimkamata shati kwa nyuma.

"Weye kaa," akamwambia.